Kumtoa Mkunga Ndoana na Kumrudisha Majini Akiwa Hai

Mkunga wa Ulaya, Anguilla anguilla, hutaga mara moja tu maishani, tena katika Bahari ya Sargasso, maelfu ya kilomita kutoka mito na maziwa alikokulia. Jike anaweza kukaa kwenye maji baridi miaka 20 au zaidi kabla ya kuanza safari hiyo, na akishataga hufa. Kwa hiyo karibu kila mkunga mkubwa anayenaswa ziwani ni jike ambaye hajaacha kizazi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 makinda wanaofika pwani za Ulaya wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mwaka 2008 samaki huyu aliwekwa katika kundi la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Katika England anayevua kwa ufito na mshipi haruhusiwi kuondoka naye, humrudisha alikomtoa. Ndiyo maana wavuvi wa huko wameumiza vichwa zaidi juu ya namna ya kumwachia kuliko namna ya kumnasa.

Umbile lake halimsaidii mtu. Mwili wote ni msuli, magamba ni madogo mno na yamezama ndani ya ngozi, na juu yake kuna ute mzito. Anaweza kwenda kinyumenyume sawasawa na anavyokwenda mbele, na mkia wake hujisokota kwenye kifundo cha mkono, kwenye mpini wa wavu au kwenye uzi wenyewe. Kadiri anavyobanwa ndivyo anavyozidi kujipinda. Hapo zamani wengi walimshika kwa gazeti kavu, gunia au mchanga, na kweli alishikika. Lakini alirudi majini akiwa amevuliwa ute unaomkinga na ukungu na vidudu vya maradhi.

Hata hivyo, madhara makubwa hutokea kabla samaki hajaonekana. Mkunga akihisi kizuizi huacha chambo, basi desturi ya muda mrefu ilikuwa kumlegezea uzi, kumwacha aende, asimame, ameze, kisha ndipo avutwe. Kwa mtindo huo ndoana ilikutwa tumboni mara kwa mara. Wanaomwinda kwa makini leo hufanya kinyume: kengele ya umeme inayoashiria uzi unavutwa ikilia tu, ufito unainuliwa. Baadhi ya samaki hupotea kwa haraka hiyo, na hasara hiyo ni ya kukubali. Ukubwa wa ndoana nao una uzito wake. Ndoana kubwa humezwa kwa shida kuliko ndogo, na ncha ikiachwa wazi nje ya nyungunyungu au kipande cha samaki, hukamata mdomoni mapema. Kijino kinachorudi nyuma karibu na ncha hubanwa kwa koleo mpaka kilale, au hununuliwa ndoana isiyokuwa nacho. Kwa vile meno ya mkunga, madogo na mengi, hukwaruza uzi kama msasa, kipande cha mwisho kabla ya ndoana huwa cha waya laini au uzi mnene.

Vifaa vyote hupangwa kabla ya uzi wa kwanza kurushwa: mkeka laini ulioloweshwa, kitambaa chenye maji, ndoo ya maji, koleo refu jembamba, koleo la kukatia waya, na taa ya kichwani kwa kuwa mkunga huvuliwa zaidi usiku. Samaki akifika ukingoni huopolewa kwa wavu wenye matundu madogo. Penye matundu makubwa hupenyeza mkia, na akishaupenyeza kazi imeharibika. Haning'inizwi kwenye uzi hata kwa dakika moja, maana akining'inia hujizungusha mpaka uzi unamfunga mwilini na kumkata ngozi.

Wavu huwekwa juu ya mkeka na kufunuliwa. Hapo ndipo penye siri ya kazi yenyewe: mkunga hugeuzwa chali. Akilala mgongo chini, hasa kwenye mfereji mdogo unaopatikana kwa kukunja kingo za mkeka, mikunga wengi hulegea na kutulia kwa muda. Kiganja kilicholowa huwekwa juu ya mwili bila kukaza, na kitambaa chenye maji hufunika macho. Akianza tena kujipinda, huachwa amalize, kisha hugeuzwa upya. Nguvu hapa haina kazi. Kumkaba nyuma ya kichwa ni kosa baya zaidi, kwani moyo upo karibu na hapo, na vidole havitiwi kamwe kwenye tundu la matamvua. Ngozi yake ikiwa na unyevu huvuta hewa, kwa hiyo anastahimili nchi kavu kuliko samaki wengi. Ustahimilivu huo umewafanya wavuvi wengine wazembe, wakamwacha juu ya majani makavu wakitafuta kamera.

Ndoana inayoonekana mdomoni hushikwa kwa koleo kwenye mpindo wake, si kwenye uzi, ikasukumwa kurudi njia iliyoingilia. Isiyokuwa na kijino hutoka kwa msukumo mmoja. Isipoonekana, haichokonolewi. Waya hukatwa karibu kabisa na mdomo na samaki hurudishwa. Uchunguzi wa wanasayansi juu ya mikunga walioachiwa na ndoana tumboni umeonyesha kuwa baadhi huitoa wenyewe baada ya wiki nyingi, na wengine hufa. Kukata uzi, kwa hiyo, ni kupunguza hasara tu.

Mvuvi naye anayo yake ya kujilinda. Damu ya mkunga mbichi ina sumu, jambo lililoelezwa na mwanafiziolojia Angelo Mosso wa Italia mwishoni mwa karne ya 19. Ikiingia machoni au kwenye kidonda huwasha vikali, na mikono huoshwa kabla ya kugusa uso. Moto huiharibu sumu hiyo, ndiyo sababu mkunga aliyepikwa huliwa bila shida. Tahadhari hiyo inafaa pia kwenye Tana, Sabaki, Pangani na Rufiji, ambako wanaishi ndugu zake wa jenasi hiyohiyo, akiwemo Anguilla mossambica. Huko mara nyingi mkunga akinaswa huishia jikoni, au huuawa kwa kudhaniwa nyoka, na anayemchinja hugusa damu nyingi kuliko anayemwachia.

Kumrudisha ni sehemu nyepesi kuliko zote. Mkeka hubebwa hadi ukingoni, upande mmoja ukazamishwa, naye huteleza mwenyewe. Hahitaji kushikiliwa wima ndani ya maji kama wanavyofanyiwa samaki wengine, wala kutupwa kutoka juu. Akishaondoka, uzi hukaguliwa kwa vidole kuanzia kwenye ndoana kwenda juu; sehemu iliyosokotwa au yenye mikwaruzo hukatwa na fundo jipya hufungwa kabla chambo kingine hakijarushwa.