J.S. Ondara: maneno kwanza, gitaa baadaye

Kati ya Embu na Meru, nchini Kenya, kuna Chuka, na Chuka inajulikana kwa ngoma: ngoma ndefu zimebanwa mapajani, wapigaji wenyewe wanacheza, kundi zima linaitikia. Usiku, kwenye baa za miji hiyo, huchezwa muziki wa mugithi wa gitaa moja, ule uliovumishwa na akina Mike Rua. Mwimbaji ni mmoja, lakini anaunganisha wimbo na wimbo, na wateja ndio waitikiaji wake. Sikio lililozoea hayo likimsikia mwimbaji J.S. Ondara, jambo la kwanza linaloligusa ni ukimya. Hakuna anayeitikia.

Ukimya huo una chanzo chake. Ondara alikulia Nairobi katika nyumba isiyomudu kununua gitaa. Alichokuwa nacho ni redio ya betri ya dada yake, iliyomletea Nirvana, Radiohead na Jeff Buckley, pamoja na mazoea ya kuandika hadithi na mashairi. Siku moja alishikilia kwamba “Knockin' on Heaven's Door” ni wimbo wa Guns N' Roses. Wakawekeana dau na rafiki yake, akashindwa: mtunzi ni Bob Dylan. Hapo ndipo alipoanza kumsikiliza Dylan kwa bidii, na mwaka 2013 akahamia Minneapolis, Marekani, katika jimbo alikozaliwa Dylan. Gitaa alijifunza huko.

Kwa hiyo maneno yalitangulia, sauti ikafuata, ala ikaja mwisho. Sikiliza *Tales of America*, albamu ya Februari 2019 iliyotayarishwa na Mike Viola na kuteuliwa kuwania Grammy. Gitaa kavu linapiga kodi chache, halishindani na mwimbaji. Katika “Turkish Bandana” halipo kabisa. Sauti inabeba wimbo mzima peke yake. Dylan amempa ubeti mrefu wa masimulizi, ila si koo. Ile sauti nyembamba inayopanda juu bila kukwaruza iko karibu zaidi na Buckley, na hapo ndipo ustadi mkubwa wa Ondara ulipo: anachelewesha mwisho wa mstari, anaacha pengo ambalo Chuka lingejazwa na kiitikio, kisha anarudi akiwa juu zaidi.

Mwaka 2020, wakati wa karantini, aliandika na kurekodi *Folk n' Roll Vol. 1: Tales of Isolation* kwa siku chache tu. Anayeanza na maneno hahitaji kungoja bendi ikusanyike.