Nairobi hadi Isiolo: Mlima Ndio Unaopanga Njia

Ukiweka rula juu ya ramani kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Uwanja wa Ndege wa Isiolo, mstari unapita ubavuni kabisa mwa kilele cha Mlima Kenya. Ndiyo maana muda wa safari hii haupatikani kwa kugawanya kilomita kwa mwendo peke yake.

Tuanze na umbali. Wilson iko digrii 1.32 kusini mwa ikweta, Isiolo digrii 0.34 kaskazini. Kwa kuwa ikweta inapita katikati yao, latitudo zinajumlishwa: 1.66. Longitudo zote ni za mashariki, kwa hiyo zinatoana: 37.59 kutoa 36.81, inabaki 0.78. Karibu na ikweta, digrii moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni takriban kilomita 111, basi kanuni ya Pythagoras inatosha. Jibu ni kilomita 203 na ushei, ilhali barabara ya kupitia Nanyuki ni kama 270. Cessna Caravan ikienda kilomita 300 kwa saa, hizo ni dakika 41.

Sasa uje mlima. Kilele cha Batian kina mita 5,199, yaani futi 17,057, na kiko kilomita tano au sita tu kutoka kwenye mstari wetu. Kanuni za kimataifa zinamtaka rubani anayeongozwa na vyombo awe angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya kilomita 8, anapokuwa eneo la milima. Hapo anahitaji zaidi ya futi 19,000, na kabini ya Caravan haihifadhi shinikizo la hewa, kwa hiyo kila abiria angehitaji oksijeni.

Kushuka ni kugumu zaidi. Isiolo iko futi 3,500 hivi, kwa hiyo kuna futi 15,500 za kuteremka. Marubani hukadiria maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000: jumla maili 46.5, au kilomita 86. Kutoka usawa wa kilele hadi uwanjani zimebaki 62 tu. Ingebidi aanze kushuka kabla ya kuuvuka mlima, pale pale ambapo kanuni inamkataza.

Tujaribu kuuzunguka kwa mashariki, tukipindia Chuka. Wilson hadi Chuka ni kilomita 143, Chuka hadi Isiolo 75: jumla 218. Zimeongezeka 15, sawa na dakika tatu. Kwa dakika hizo tatu rubani anaepuka kupanda maelfu ya futi, anaokoa mafuta, na abiria wanapumua vizuri. Ukiongeza muda wa kupaa, kujipanga na kutua, ratiba ya dakika 50 ni ya haki.

Uwanja wa Isiolo ulizinduliwa mwaka 2017, na njia yake fupi ya kurukia huufanya utegemee zaidi ndege ndogo na za kati. Anayeupangia safari asome kwanza mwinuko wa nchi, ndipo apime kilomita.