Mchezaji wa Tatu

Mwaka 1987 kampuni ya Kijapani SNK ilitoa gemu iliyoitwa Guevara. Wachezaji wawili, mmoja Che na mwenzake Fidel, wanasonga mbele kisiwani kwa risasi na mabomu ya mkono, wanapanda vifaru, wanawafungua mateka. Ukimuua mateka, unakatwa pointi. Marekani iliuzwa kwa jina la Guerrilla War, bila kuwataja mashujaa hao.

Mwendelezo wa hadithi hiyo haukutengenezwa Japani. Ulitokea hapa Fizi, Kongo, Che alipokuja mwaka 1965, enzi ya uasi ambayo wazee wetu huiita wakati wa Mulele, na ulikuwa mchezo wa aina nyingine kabisa.

Nawastahi sana mafundi wanaothubutu kugeuza aina ya gemu katikati ya mfululizo. Mteja amenunua jina akitarajia vidole vyake viendelee na mazoea, kisha anakuta kila kitufe kimepewa kazi mpya. Anayegeuza kwa kufuata mtindo tu huumbuka. Anayefaulu huwa ameona katika hadithi kitu ambacho kanuni za zamani haziwezi kukibeba. Tazama mfululizo wa Yakuza. Tangu 2005 shujaa wake, Kiryu, alikuwa akiwatwanga watu barabarani papo kwa papo. Mwaka 2020 studio ya Ryu Ga Gotoku, iliyo chini ya Sega, ikamleta Ichiban Kasuga, na mapigano yakawa ya zamu: piga, ngoja, pigwa. Lakini angalia mshono wake. Ichiban amekua akiipenda Dragon Quest mpaka ugomvi wa mtaani anauona kichwani kama vita vya gemu hiyo. Tena Kiryu alizoea kubeba kila kitu peke yake, ilhali Ichiban hafiki popote bila wenzake, na mapigano ya zamu yanakulazimisha kuwatunza mmoja mmoja. Kanuni imezaliwa na tabia ya mtu.

Kwa kipimo hicho, fundi ninayemvulia kofia hakuwahi kutengeneza gemu. Che alitoa kitabu cha kumbukumbu za vita vya Kuba mwaka 1963. Alipotoka Fizi alijifungia katika ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam, akaandika cha pili, akakipa jina lilelile na kuongeza neno Kongo tu. Kilichapishwa kikamilifu mwaka 1999.

Ukikifungua ukitafuta mashambulizi, utakwama. Aprili 1965 boti inavuka Ziwa Tanganyika usiku, kutoka Kigoma hadi Kibamba. Wakuba wanagawiwa majina ya vita kwa hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke ni Moja, Martínez Tamayo ni Mbili, na nyota wa gemu ya baadaye ni Tatu, eti daktari na mkalimani tu. Halafu mchezo unaanza, nao ni kungoja. Anangoja ruhusa ya kwenda mbele. Anamngoja kiongozi wa waasi, Laurent-Désiré Kabila, ambaye anafika Julai na kuondoka baada ya siku chache. Anatibu wagonjwa, anaugua homa, anapanda mlima kutoka ziwani hadi kambini huku pumu ikimbana. Vita vipo, kwani Juni wanaishambulia ngome ya Bendera na kushindwa vibaya, lakini swali linalorudi kila mara ni la mzigo: nani atalipandisha gunia la chakula, ikiwa wapiganaji wanakataa kubeba kwa kuwa wao si malori?

Mwandishi mvivu angeyaruka hayo akimbilie Septemba, mamluki wa Mike Hoare walipoteremka Baraka kutoka ziwani na mapigano yakawa makali. Hapo angeirudia gemu ya kwanza kwa raha zake. Che alibaki na jicho lilelile la kitabu cha 1963, ukali uleule wa kujihukumu, ila alibadilisha kinachostahili kuitwa tukio. Kule kilima hutekwa. Huku kilima hupandwa, kisha kesho hupandwa tena. Na mwishoni anapohesabu makosa yake, hataji shabaha wala silaha. Anajilaumu kwamba Kiswahili hakukijua vya kutosha, akategemea Kifaransa, kwa hiyo akazungumza na wakubwa na kuwakosa askari wa kawaida. Anajilaumu pia kwa kujificha ndani ya vitabu vyake. Kusoma nako, hapa, ni kosa la kivita!

Mwendelezo huo ukija kutengenezwa kwa skrini, nashauri kitufe cha risasi kisifanye kazi saa za mwanzo. Amri isisikike mpaka mchezaji ajifunze Kiswahili. Dawa ya mganga, ile iliyoaminiwa kuzuia risasi, ihesabiwe kama silaha nyingine yoyote, maana waliokuwa nayo walisonga na waliokosa imani nayo walikimbia. Vijana wa Baraka waliozoea gemu za mpira watalalamika kwamba inachosha, na huko kuchosha ndiko kugumu kukusanifu.

Hatua ya mwisho ni tarehe 21 Novemba: boti za kurudi Kigoma, na ufukweni watu wanaotaka kuvuka ni wengi kuliko nafasi. Mwaka 1987 SNK waliona mateka mmoja ana bei yake katika pointi. Ningependa kumwona fundi atakayeamua pointi za ufukweni pale zihesabiwe vipi.