Karatasi ya Mizani na Msimulizi Wake

Karatasi yenyewe ina upana wa vidole vitatu, ya aina ile ya risiti ambayo wino wake hufifia ukiisahau mfukoni. Niliipata kwenye duka moja la dawa saa 1 asubuhi, baada ya kusimama pekupeku juu ya bamba la chuma. "Mzee, na soksi pia," aliniambia kijana wa dukani, kisha akaniuliza umri na urefu. Mashine ikakoroma kidogo, ikatema mistari kumi. Nimeisoma kama nisomavyo shairi, maana imepangwa kama shairi: mistari mifupi, kila mmoja na kituo chake, na mizani kwa maana zote mbili za neno hilo.

Tuanze na toni. Hamna "huenda", hamna "takriban". Uzito kilo 75.0. Mafuta asilimia 31.2, yaani kilo 23.4. Uzito bila mafuta kilo 51.6. Maji kilo 37.8. Nafsineni anazungumza kwa sauti moja toka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba yote ameyaona kwa macho yake. Sivyo. Jinsia, umri na urefu ameambiwa. Uzito ameupima kweli, na uwiano wake na urefu ni hesabu tu. Kisha unakuja mstari wa sita, umebanwa katikati bila maelezo yoyote: ohm 548. Huo ndio mstari pekee uliotoka kwenye umeme. Minne inayoufuata haikupimwa, imekokotolewa.

Tena minne hiyo ni takriri. Chukua kikokotoo: 75.0 ukitoa 23.4 inabaki 51.6, zidisha kwa 0.732, utapata 37.8. Mashine imekata shauri kwamba sehemu ya mwili isiyo mafuta ni maji kwa asilimia 73.2. Mcheza mpira anapigiwa hesabu hiyo, na mgonjwa wa figo aliyevimba miguu anapigiwa hiyohiyo. Jambo moja limesemwa mara nne kwa majina manne, na msomaji anadhani ameletewa mashahidi wanne.

Turudi kwenye ohm. Mizani hupitisha mwilini mkondo geu dhaifu, usiofika miliampia moja, mara nyingi kwa masafa ya kilohezi 50, na kupima jinsi mwili unavyoukinza. Maji yenye chumvi huupitisha, mafuta huuzuia. Mwaka 1969 Hoffer na wenzake walionyesha kwamba urefu wa mtu ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukagawanywa kwa ukinzani, jibu hufuatana vizuri na kiasi cha maji mwilini. Ni kanuni nzuri, ila inamchukulia mtu kama bomba moja lenye unene uleule toka kichwani hadi nyayoni. Hata mkondo ukipitishwa toka mkononi hadi mguuni, kama wafanyavyo hospitalini, kiwiliwili ambacho ni karibu nusu ya uzito huchangia kama sehemu moja tu ya kumi ya ukinzani, kwa kuwa ni kinene. Mikono na miguu myembamba ndiyo yenye kauli. Kwenye mizani ya dukani mambo ni mabaya zaidi: mkondo hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Kitambi, ambacho ndicho kilichonipeleka pale, kimekisiwa tu. Hadithi nzima imesimuliwa na miguu.

Na miguu ina mambo yake. Nilirudi saa 12 jioni, baada ya kushinda nimesimama ubaoni. Karatasi ya pili: uzito kilo 75.6, ohm 521, mafuta asilimia 29.9. "Hongera mzee, umepungua!" akasema yule kijana, na kusema kweli nilifurahi kabla sijafikiri. Kwa mujibu wa karatasi nimeongezeka gramu 600 na papo hapo nimepoteza gramu 800 za mafuta, siku niliyokula wali nikarudia. Kilichotokea ni kwamba maji yaliteremka miguuni, ukinzani ukashuka, na mashine ikayahesabu maji hayo kuwa nyama. Ngozi iliyopata joto la jua hushusha ukinzani vilevile. Aliyeishiwa maji kwa kuharisha hukinza zaidi, akaambiwa ana mafuta mengi. Na bilauri ya maji uliyokunywa mlangoni bado iko tumboni, mkondo hauioni. Mizani inaona uzito wake tu, ikauandika kwenye mafuta. Nyayo zenye magaga nazo huharibu mguso. Urefu nisiutaje sana, kwani kosa hapo ni la mtu mwenyewe: ningejiongezea sentimita 4 juu ya 168 zangu, ile sehemu ya kanuni ingepanda karibu asilimia 5.

Hospitalini kazi hii ina arudhi yake. Mgonjwa hulazwa chali dakika kama 10 ili maji yatulie, mikono ikiwa mbali na mbavu kwa nyuzi 30, miguu ikiachana nyuzi 45, ngozi imefutwa kwa spiriti, elektrodi zimetengana angalau sentimita 5. Hata hapo hubaki swali la kanuni yenyewe ilitungwa kwa kuwapima watu gani, wa umri gani, wa maumbile gani. Watengenezaji wengi huificha. Karatasi yangu haisemi neno, na hapo ndipo ninapomlaumu mtunzi.

Simwiti mwongo. Ukipanda mizani ileile, saa ileile, kabla ya chai, wiki baada ya wiki, mwelekeo wa tarakimu una maana. Kosa lake ni la umbo: amevaa joho la shahidi ilhali ni mkisiaji. Ningepewa kalamu ya mhariri ningeifuta desimali ya mafuta, niandike "karibu 30". Ohm 548 ningeipandisha juu kabisa. Kisha ningeongeza mstari wa kumi na moja, wa saa, kwa sababu karatasi zangu mbili zina tarehe tu, na tarehe hiyo ni moja.