Kibwagizo na Maombolezo katika Shairi la "Amina" la Shaaban Robert

Ni rahisi kulisoma shairi la "Amina", ambalo Shaaban Robert alimtungia mkewe aliyefariki na kulitia katika tawasifu yake, *Maisha Yangu*, kama tamko la subira ya Mwislamu mbele ya kadari. Dua, Pepo na ufufuo vimetajwa waziwazi. Hata hivyo, usomaji huo unalipuuza umbo, na tangu *Kichomi* (1974) ya Kezilahabi, umbo ndilo linaloshukiwa: vina na mizani hudaiwa kubana hisia. Katika "Amina" dai hilo halithibitiki kwa urahisi.

Shairi ni tarbia ya mizani 16. Kibwagizo chake, kinachotangaza kuwa fundo la mapenzi ya wawili hao halina wa kulifungua, hakibadiliki. Katika ubeti wa kwanza kina chake cha kati kinalingana na vya mishororo mitatu iliyotangulia. Katika beti zinazofuata vina vya kati vinabadilika, nacho kibwagizo kinasimama peke yake, kama mfiwa aliyebaki nyumbani baada ya matanga. Hali hiyo ni ya kawaida katika mashairi ya kibwagizo, na haistahili kuitwa ubunifu. Lililo la pekee ni kwamba ubeti wa mwisho unakirejesha kina cha kati cha ubeti wa kwanza, na kibwagizo kinapata tena wenzake pale hasa mshairi anapoomba roho irudi na mapenzi yarejee. Kitenzi cha kujitenga nacho kinahama: mwanzoni anayejitenga ni Amina, mwishoni ni mauti. Muungano unaoombwa katika dua umekwisha kutimia katika vina.

Si kila ubeti una nguvu hiyo. Ule ambamo mshairi anadai kufurahi kwa kuwa marehemu amepumzika na taabu haushawishi, hasa kwa vile awali amekiri kwamba majonzi yake hayasemeki na kwamba anayoyaona ni kama ndoto. Furaha hiyo ni ya wajibu. Aidha, ukiondoa jina lake na taswira ya ua, Amina mwenyewe haonekani shairini: habari za ndoa yao zimeachiwa nathari ya tawasifu, na msomaji anayelikuta shairi peke yake katika diwani anazikosa.