Tunamsikiliza Lester Young kinyumenyume

Nakiri: kwa muda mrefu nilimsikiliza Lester Young kuanzia mwisho wake. Nilikuwa nimeshasoma habari za jeshi lililomchukua mwaka 1944, mahakama ya kijeshi ya mwaka uliofuata, kifungo kule Georgia, pombe, na kifo cha Machi 1959 akiwa na miaka 49. Kwa hiyo kila nikiweka rekodi zake za mwanzo nilisikia mtu anayelia. Sauti nyepesi ile nikaiita huzuni, ulaini wake nikauita jeraha. Siku hizi naona nilikuwa namsingizia.

Hebu turudi Chicago, 1936. Wanamuziki watano na mwimbaji mmoja, Jimmy Rushing, wanaingia studio kurekodi nyimbo nne. Kiongozi ni Count Basie, lakini jina lake halimo kwenye santuri kwa sababu alikuwa ameshajifunga kwa mkataba na Decca. Basi wakaazima majina ya mpiga ngoma Jo Jones na mpiga tarumbeta Carl Smith, wakajiita Jones-Smith Incorporated. Utadhani duka la vifaa vya ujenzi! Ndani ya duka hilo ndimo tunamosikia solo za kwanza za Lester kwenye santuri. Nyimbo mbili anazoimba Rushing ni nzuri, ila si zinazonirudisha pale. Zinazonirudisha ni Shoe Shine Boy na Lady Be Good.

Kumbuka kwamba huyu si kijana anayejaribu bahati. Ana miaka 27. Amekulia katika bendi ya familia chini ya baba yake, akapiga ngoma kabla ya saksafoni, akazunguka miji chungu nzima. Mwaka 1934 aliitwa New York kuziba nafasi ya Coleman Hawkins katika bendi ya Fletcher Henderson. Hawkins alikuwa ndiye kipimo cha saksafoni ya tenori: sauti nene, nzito, inayojaza chumba. Wenzake Lester hawakuipenda sauti yake, wakaiona nyembamba mno. Mke wa Henderson akawa anamwekea santuri za Hawkins ili ajifunze kupiga vile. Fikiria, mtu mzima, mwanamuziki kamili, anaamshwa asubuhi asikilizishwe sauti ya mwingine. Hakukaa miezi mingi. Akaondoka, na akaomba barua ya kuthibitisha kwamba hakufukuzwa.

Barua ile inaniambia mengi kuliko vitabu vingi. Mnyonge haombi barua kama hiyo.

Sasa sikiliza Lady Be Good. Basie anatangulia kwa piano, kisha Lester anapewa mizunguko miwili ya wimbo, vipimo 64 kwa jumla. Wimbo wenyewe umekatwa vipande vya vipimo vinane vinane, na wapigaji wengi wa wakati ule walifunga sentensi pale kipande kinapoishia. Sisi wasomaji wa mashairi tunaijua tabia hiyo: mshororo unaisha, maana nayo inaisha, kina kimegongwa. Lester anapiga mishata. Sentensi yake inaanza kabla ya mlango, inavuka kizingiti bila kubisha, inakwenda kumalizikia mahali ambapo wewe ulishaacha kuingoja. Halafu ananyamaza kidogo, Walter Page na besi yake wanaendelea kutembea, naye anarudi kana kwamba hakutoka.

Wanaosema hii ni sauti ya upole wasikilize tena wakati bendi inakwenda kasi. Shoe Shine Boy ni mbio. Mtetemo wa sauti ameubana, hapambi, hanguruma, lakini hakuna sehemu anayosukumwa na mwendo. Yeye ndiye anayeamua lini aegemee pigo na lini aliache lipite. Huo si udhaifu jamani, ni ubishi. Nina hakika kabisa kwamba anacheka.

Alikotoa wepesi huo alikuja kukusema mwenyewe: kwa Frankie Trumbauer, mzungu aliyepiga saksafoni ndogo kuliko tenori, ambaye Lester alimpenda kwa sababu kila solo yake ilisimulia hadithi. Kwa hiyo sauti ile ilichaguliwa. Ilichaguliwa mapema, ikatetewa mbele ya bendi nzima, ikasubiri miaka mpaka mtu alipowasha mashine ya kurekodi.

Mkifika kwenye Shoe Shine Boy, tafuteni rekodi zote mbili zilizobaki za siku ile. Wimbo ni ule ule, watu ni wale wale, ila solo ya Lester si ile ile. Mimi naipenda zaidi ile anayoingia kwa utulivu, lakini wiki iliyopita nilimwambia rafiki yangu kinyume chake, tukabishana mpaka chai ikapoa.