Kosa na Ugumu: Juu ya Uhakiki wa Gwaride la Mashindano, Bunia na Kwingineko

1. Tatizo

Gwaride ni sanaa ya maonyesho. Lina watendaji, hadhira, uwanja, ala, mavazi na kanuni za utendaji. Hata hivyo, uhakiki wa Kiswahili, ambao umeandika mengi juu ya ngoma, majigambo na vichekesho, umeliachia gwaride wanahistoria na maafisa wa itifaki. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji anayetaka kulitathmini ana neno moja tu mkononi, nalo ni kosa. Kundi lililokosea huitwa baya, lisilokosea huitwa zuri, na mjadala huishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kosa halisomeki mpaka lipimwe kwa ugumu wa jambo lililojaribiwa. Mifano imetolewa katika mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, katika ngoma ya beni, na katika mashindano ya vikosi vya bendera nchini Marekani, ambako suala hili limejadiliwa kwa kirefu.

Istilahi nazo zahitaji maelezo. Msemaji wa pwani husema gwaride, neno lililoingia kutoka Kiingereza. Msemaji wa Bunia husema defile, kutoka Kifaransa. Tofauti hii inazidi asili ya maneno. Gwaride hukumbusha ukaguzi: askari wamesimama na mkubwa anapita mbele yao. Defile hukumbusha mpito: mkubwa ameketi jukwaani na watu ndio wapitao. Katika defile, kazi ya majuma kadhaa huhukumiwa kwa muda wa hatua chache mbele ya jukwaa, na hakuna anayerudi kuirekebisha.

2. Mahali kosa linapozaliwa

Jambo la kwanza ambalo mhakiki hana budi kulitambua ni kwamba kosa aghalabu huonekana mbali na lilikozaliwa. Chukua safu ya watu 10 waliopangwa bega kwa bega, kila mmoja akiwa umbali wa sentimita 80 kutoka kwa mwenzake, nayo yapaswa kugeuka robo duara bila kuvunjika. Aliye egemeo hugeuka papo hapo alipo. Anayemfuata hutembea kama mita 1.3. Wa mwisho, aliye ukingoni, hutembea zaidi ya mita 11 kwa muda uleule. Egemeo akigeuka upesi kidogo kuliko ilivyokubaliwa, wa katikati watavuta hatua na watafaulu, lakini wa ukingoni atalazimika kukimbia. Hadhira humwona yeye, humcheka yeye, na pengine mwalimu humkaripia yeye. Kumbe ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, naye amelipa deni la mwingine.

Mfano wa pili ni ule wa kugeuza vichwa kuelekea jukwaa. Safu hubaki nyoofu kwa sababu kila mtu humtazama wa pembeni yake kwa jicho la upande mmoja. Amri ya heshima inapotolewa, macho huhama, na safu inanyimwa chombo chake cha kujipima pale pale inapohitajika kuwa nyoofu kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo safu inayopinda mbele ya jukwaa haikuzembea ghafla. Imefika mahali ambapo kanuni mbili za gwaride zinapingana, na ni mazoezi tu ya kutembea kwa sikio na kwa hisia ya bega yawezayo kuzipatanisha.

Mfano wa tatu ni wa vifaa. Bendera ni kitambaa kilichofungwa kwenye mti, na kitambaa hukamata upepo. Mbeba bendera anayekabiliwa na upepo wa mbele hubeba uzito mwingine usioonekana, na mti ukilala nyuma kidogo watazamaji husema amechoka. Ugumu huzidi mara nyingi kifaa kinapoachwa mkono. Katika mashindano ya Marekani, vikosi hurusha bendera, bunduki za mbao na panga butu, huku vikicheza na kuhama mahali. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kifaa kinachokaa hewani mapigo mawili, yaani sekunde moja, hupanda kama mita 1.2 juu ya mkono. Kikikaa mapigo manne hakina budi kupanda karibu mita 5. Muda umezidi mara mbili, kimo kimezidi mara nne, na kupotoka kidogo kwa kiganja wakati wa kuachia hukua kiasi hicho hicho juu angani. Tena kifaa sharti kiwe kimezunguka idadi kamili ya mizunguko, ama sivyo mkono utadaka upande usiofaa. Anayeangusha mrusho wa mapigo manne na anayeangusha mrusho wa mapigo mawili wameangusha kifaa kilekile, lakini hawakushindwa jambo lilelile.

3. Kuhesabu na kupima

Swali la namna ya kuhukumu tofauti hiyo lina historia. Katika mashindano ya bendi za matembezi nchini Marekani, ambayo ubingwa wake wa kitaifa chini ya Drum Corps International ulianza mwaka 1972, waamuzi walikuwa wakihesabu makosa. Kila kosa lililoonekana au kusikika liliondoa sehemu ya kumi ya alama. Utaratibu huo ulikuwa na sifa ya uwazi, lakini ulikuwa na ila yake. Kundi lililofanya machache na mepesi lilikuwa na nafasi chache za kukosea, na lile lililothubutu lilijiandalia adhabu. Mwaka 1984 utaratibu wa kukata alama kwa kila kosa uliachwa. Winter Guard International, shirika la mashindano ya vikosi vya bendera lililoanzishwa mwaka 1977, huwapa waamuzi wa vifaa na wa miondoko mizani mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza hupima msamiati, yaani upana na uzito wa yale yaliyotungwa. Ya pili hupima ubora wa utendaji wake. Neno msamiati limetoka kwa waamuzi wenyewe, na mwanafunzi wa lugha atalifurahia: kikosi huhesabiwa kuwa kina maneno, na hukaguliwa pia jinsi kinavyoyatamka.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili watatambua mgogoro walioufahamu kwa sura nyingine. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliwapa wahakiki kipimo kilicho wazi cha vina na mizani. Si haki kumsingizia kwamba alitaka hesabu ichukue nafasi ya hukumu. Lakini baadhi ya waliomfuata walisoma shairi kama mwamuzi wa zamani alivyotazama gwaride: kidole kwenye mizani, alama ikikatwa kila silabi ilipopungua. Na wengine, katika mabishano yaliyofuata Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, walielekea upande wa pili, wakawa tayari kusamehe udhaifu wowote maadamu mtunzi amethubutu.

Hatari ya upande huu wa pili nayo yapasa itajwe. Ugumu waweza kugeuka kisingizio. Kikosi kinachorusha juu na kuangusha kila mara kina maneno mengi ambayo hakijui kuyasema, na mwamuzi makini hakipi sifa kwa kujaribu tu. Ndiyo maana mizani ni mbili. Utunzi uliozidi uwezo wa watendaji ni kosa, ila ni kosa la mtunzi na mkufunzi. Kijana aliyeinama kuokota kifaa mbele ya umati analibeba kwa niaba yao.

4. Beni na dhana ya kuiga

Afrika ya Mashariki haikungoja Marekani ili ishindanie gwaride. Beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika chini ya vyama pinzani vya Marini na Arinoti, na katika Vita Kuu ya Kwanza ilisafiri na askari na wapagazi hadi bara, ikafika miji ya migodi ya Kongo ya Kibelgiji. Ilikuwa na vyeo, sare, ala za bendi na mazoezi ya kijeshi, na kiini chake kilikuwa ushindani. Kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975, Dance and Society in Eastern Africa, kimeeleza historia hiyo kwa kina. Lakini Ranger ni mwanahistoria: tunajifunza kwake nani alishindana na nani, na kwa nini, kuliko tunavyojifunza ni ustadi gani uliompa mshindi ushindi.

Pengo hilo lina madhara. Wakoloni wengi waliitazama beni kama uigaji wa Wazungu, na anayeona uigaji huona kila tofauti kuwa ni kosa la mwigaji. Mhakiki wa sanaa hulazimika kuuliza vingine. Kosa ni kuachana na kile ambacho kundi lenyewe lilikikusudia na kukifanyia mazoezi. Hatua inayochezwa kinyume cha mwongozo wa jeshi, lakini ikachezwa na watu wote kwa pigo moja, imetungwa. Ni pale mmoja anapoachana na wenzake, au wote wanapoachana na pigo, ndipo mhakiki ana haki ya kutumia neno kosa.

5. Bunia: kosa linapokuwa na uzito mwingine

Katika Kongo bendera ina nidhamu yake ya kila siku. Inapopandishwa asubuhi na kushushwa jioni, wapita njia husimama. Bendera iliyothibitishwa na Katiba ya mwaka 2006 ina nyota ya manjano kwenye pembe ya juu, upande wa mti, na mshazari mwekundu unaopanda kutoka chini ya mti hadi juu ya upande wa pili. Ikifungwa juu chini, nyota hushuka na mshazari huteremka, na mtoto wa shule aweza kuliona kosa hilo kutoka ng'ambo ya barabara. Hili ni kosa ambalo ugumu hauwezi kulipunguzia uzito, kwa kuwa hakuna ugumu uliojaribiwa. Ni vema kulitenga na mengine: kuna makosa ya uangalifu na kuna makosa ya uthubutu, na jamii huyahukumu kwa sheria tofauti.

Lakini Bunia ina sababu nyingine ya kutofautisha makosa. Katika vita vya Ituri vya miaka 1999 hadi 2003, watoto wa mji huu na vijiji vyake walifundishwa kutembea kwa hatua moja kwa makusudi mengine kabisa. Katika kesi ya Thomas Lubanga, aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, ushahidi mmojawapo ulikuwa filamu ya ziara yake katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, tarehe 12 Februari 2003. Mhakiki anayetazama safu ya vijana wa Bunia hawezi kujifanya hajui haya. Hawezi pia kusema kwamba kila safu ni kambi.

Tofauti iko katika hatima ya aliyekosea. Kambini, unyoofu wa safu ni alama ya utii, na kosa ni uasi wa kuadhibiwa. Katika sanaa, unyoofu ni makubaliano, na kosa ni bei ambayo kundi limekubali kuilipa ili lijaribu jambo lililo juu ya uwezo wake wa jana. Mwalimu wa shule anayempiga mwanafunzi kwa kupoteza hatua kwenye defile, na mtazamaji anayehesabu makosa tu, wanairudisha sanaa hiyo, bila kukusudia, karibu na pale ilipotolewa kwa taabu.

6. Hitimisho

Uhakiki wa gwaride waweza kuanza na maswali matatu. Kundi lilijaribu nini, na jambo hilo lilikuwa gumu kiasi gani? Kosa lililoonekana lilizaliwa wapi: kwa mtendaji, kwa mwenzake, au kwa aliyetunga? Na baada ya kosa, kundi lilirudi kwenye pigo kwa hatua ngapi? Swali la tatu lisidharauliwe, kwani kikosi kilichopoteza hatua na kuirudia katika mapigo mawili kimeonyesha umahiri ambao kikosi kisichokosea hakikupata nafasi ya kuuonyesha. Vipimo hivi havihitaji uwanja wa Marekani wala alama za desimali. Vinahitaji watazamaji waliokaa karibu, wanaojua mazoezi yalikuwaje, na walio tayari kumtazama hata yule aliye kwenye egemeo.